Mfalme Aliyeuona Mwezi: Kijiji cha Methala na Kisa cha Cheraman Perumal

 

Wanafunzi wa fiqhi katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Unguja, wanakijua kitabu cha Fat-hul Muin. Kimesomeshwa misikitini kwa vizazi na vizazi, na wengi wetu tumekipitia mlango baada ya mlango bila ya kujiuliza mwenyewe aliyekitunga alikuwa mtu wa wapi. Hakuwa Mmisri wala Mhadhrami. Ni Sheikh Zainuddin al-Malibari wa mji wa Ponnani, katika pwani ya Malabar, kusini-magharibi ya India, na alikikamilisha mwaka 982 Hijria. Sheikh huyu huyu ana kitabu kingine ambacho huku kwetu hakisomwi sana, nacho ni Tuhfatul Mujahidin, kinachoeleza vipi Uislamu uliingia Malabar na vipi Waislamu wa huko walipigana na Wareno, na habari zake zinafika mwaka 991 Hijria (1583). Ndani ya kitabu hicho mna hukumu moja juu ya kijiji kimoja, ambayo tunaona inafaa kuzingatiwa na kila anayeandika historia ya Waislamu.

Kijiji chenyewe ni Methala, ambacho leo kimo ndani ya manispaa ya Kodungallur, wilaya ya Thrissur, jimbo la Kerala. Hapo ndipo mto Periyar unapokaribia bahari. Wagiriki na Warumi waliijua bandari ya sehemu hizi kwa jina la Muziris, na waliifuata kwa ajili ya pilipili manga. Tangu mwaka 2007 wataalamu wa mambo ya kale wamechimba Pattanam, upande wa pili wa mto, wakapata vigae vya mitungi ya Kirumi na vyombo vya udongo vilivyotoka Asia ya Magharibi. Wayahudi wa Malabar wakiuita mji huu Shingly, na wana mabamba ya shaba waliyopewa na mfalme wa Kichera karibu na mwaka 1000 Miladi. Wakristo wa huko wanasimulia kwamba Thomas, mwanafunzi wa Nabii Isa (A.S.), alishukia hapo mwaka 52. Na wafalme wa Chera wenyewe waliufanya mji huu makao yao makuu tangu karne ya 9 hadi mwanzo wa karne ya 12, ukiitwa Mahodayapuram. Kisha likaja gharika la mwaka 1341, bandari ikajaa mchanga, na biashara ikahamia Kochi. Mji wa wafalme ukarudi kuwa kijiji cha minazi.

Katika kijiji hicho umo msikiti unaoitwa Msikiti wa Ijumaa wa Cheraman, na maelezo yake yanasema ulijengwa mwaka 629 Miladi. Msomaji na apige hesabu. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) wa Madina ulianza kujengwa mwaka 622. Kwa hiyo ikiwa tarehe hiyo ni sahihi, basi Mtume (S.A.W.) alikuwa bado yu hai, Makka haijafunguliwa au ndiyo kwanza inakaribia kufunguliwa, na tayari kulikuwa na msikiti zaidi ya maili elfu mbili ng'ambo ya bahari. Hili si jambo dogo. Limekwishaingia hata katika mambo ya dola: mwezi wa Aprili 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alimpa Mfalme Salman wa Saudi Arabia mfano wa msikiti huu uliopakwa dhahabu.

Kisa kilivyo

Kisa kina riwaya nyingi, lakini uti wake wa mgongo ni mmoja. Palikuwa na mfalme wa Malabar akiitwa Cheraman Perumal. Usiku mmoja, akiwa juu ya dari ya kasri lake, aliuona mwezi umepasuka vipande viwili kisha ukaungana. Aliwauliza wanajimu wake wasipate jibu. Baadaye walipita wasafiri wa Kiislamu waliokuwa wakielekea kisiwa cha Sarandib, yaani Sri Lanka, kuzuru mahali panaposemwa kuwa pana unyayo wa Nabii Adam (A.S.). Wakamweleza habari za Mtume (S.A.W.) na muujiza wa kupasuka mwezi. Mfalme akasadiki. Akaugawa ufalme wake baina ya jamaa zake na maamiri wake, na akaondoka kwa siri pamoja na wale wasafiri waliporudi. Wasimulizi wengine wanasema alikutana na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, akasilimu mikononi mwake na kuitwa Tajuddin. Akiwa njiani kurejea kwao aliugua katika pwani ya Arabuni. Kabla ya kufariki aliwausia wenzake waende Malabar kuitangaza dini, na akawaandikia barua ya kuwapa watawala wa huko, na akawakataza kutaja kifo chake.

Wenzake hao wanatajwa kwa majina: Malik bin Dinar, Sharaf bin Malik, Malik bin Habib na mkewe Qamariyya, pamoja na watoto na wafuasi. Walifika Kodungallur, wakaitoa barua, wakapewa ardhi na mashamba, na wakajenga msikiti. Kisha Malik bin Habib akazunguka pwani nzima akijenga misikiti mingine, kutoka Kollam upande wa kusini mpaka Mangalore na Barkur upande wa kaskazini. Hata hivi leo misikiti kadhaa ya pwani ile inajinasibisha na safari hiyo, na Kasaragod lipo kaburi linalonasibishwa na Malik bin Dinar.

Ni kisa kizuri, na hatuoni ajabu kupendwa kwake. Waislamu wa Malabar waliishi karne nyingi chini ya wafalme wasio Waislamu, na kisa hiki kiliwaambia kwamba hawakuja kama wageni wa kuomba hifadhi, bali waliitwa kwa barua ya mwenye nchi.

Hukumu ya Sheikh Zainuddin

Sasa tumtazame Sheikh. Alipokuwa akiandika, Wareno walikuwa wamekwishawatesa Waislamu wa Malabar kwa karibu miaka themanini: wamechoma misikiti, wamezuia mahujaji, wamepora majahazi. Kitabu chake ni cha kuwahimiza watu wapigane. Mtu aliye katika hali hiyo angelihitaji nini kuliko mfalme wa nchi ile ile aliyemuona Mtume (S.A.W.)? Kisa kilikuwa mkononi mwake, na watu wake walikuwa wakikiamini.

Naye akakisimulia kisa cha mfalme, wasafiri, barua na misikiti. Kisha akasema kwamba tarehe yake haijulikani kwa yakini, na kwamba dhana yenye nguvu ni kuwa mambo haya yalitokea baada ya miaka mia mbili ya Hijra. Ama yale yaliyoenea kwa Waislamu wa Malabar, kwamba mfalme alisilimu zama za Mtume (S.A.W.) kwa kuuona mwezi umepasuka na kwamba alikwenda kukutana naye, Sheikh aliyapitia na kusema kwamba karibu hakuna lililo sahihi ndani yake. Akaongeza jambo la kaburi. Katika kisa alichokinukuu, mfalme amefia Shihr, pwani ya Hadhramaut, mji ambao watu wake tunawajua vyema hapa kwetu kwa jina la Washihiri. Lakini lililoenea kwa watu, anasema Sheikh, ni kwamba kaburi liko Dhufari na linajulikana huko. Na kweli mjini Salalah, Oman, lipo kaburi linalozuriwa mpaka leo kwa jina la mfalme huyu.

Mwanachuoni huyu angeliweza kunyamaza, na hakuna ambaye angelimlaumu. Hakunyamaza.

Tukizitazama hoja zinazounga mkono hukumu yake, tunaona ni nyingi. Ya kwanza ni kwamba wanazuoni wa sira waliandika ujumbe mmoja mmoja uliomjia Mtume (S.A.W.). Ibn Saad katika Tabaqat yake ameutenga mlango mzima kwa jambo hilo, akitaja hata kabila ndogo zilizoleta watu wachache. Mfalme kutoka India, mwenye msafara wake na lugha yake ya kigeni, angewezaje kufika, kusilimu na kuondoka bila ya sahaba hata mmoja kumtaja kwa njia iliyothibiti?

Wapo wanaotoa ushahidi wa riwaya iliyomo katika Mustadrak ya al-Hakim, inayonasibishwa kwa Abu Said al-Khudri (R.A.), kwamba mfalme wa India alimpelekea Mtume (S.A.W.) mtungi wa tangawizi, naye akawagawia masahaba kipande kipande. Tangawizi na Malabar vinakwenda pamoja, na ndiyo maana riwaya hii inapendwa sana huko. Lakini sanad yake ina Amr bin Hukkam, na juu yake Ali bin Zaid bin Jud'an, na wote wawili wamesemwa kwa udhaifu. Isitoshe, matni yenyewe haikutulia: katika njia nyingine ya riwaya hiyo hiyo aliyetuma ni mfalme wa Rumi. Imamu Dhahabi aliipinga hii ya Rumi kwa hoja ambayo hata mfanyabiashara wa sokoni ataifahamu, nayo ni kwamba tangawizi haitoki Rumi, na kuipeleka Hijazi kutoka huko ni sawa na kupeleka tende Madina.

Na hapa ndipo palipo uzito wa kifiqhi. Wanazuoni wengi wameruhusu kusimuliwa hadithi dhaifu katika fadhila za amali, kwa masharti yake. Lakini kumthibitishia mtu usahaba si katika fadhila za amali. Usahaba una hukumu zake: sahaba hachunguzwi uadilifu wake, na analolipokea kwa Mtume (S.A.W.) linakuwa hoja. Ukiufungua mlango huo kwa sababu kisa kinapendeza, hujui nani ataingia. Na India hiyo hiyo imekwisha kutuonyesha mfano. Katika karne ya 7 Hijria alidhihiri mtu wa Bhatinda, Punjab, akiitwa Ratan, akidai kwamba yeye ni sahaba na kwamba amepewa umri wa miaka mia sita na zaidi. Wako waliosafiri kwenda kumsikiliza na kuandika hadithi kwake! Dhahabi akamtungia kitabu kizima cha kumvunja.

Ama muujiza wenyewe wa kupasuka mwezi, huo haukumtegemea mfalme yeyote. Umetajwa mwanzoni mwa Suratul Qamar, na wameupokea Bukhari na Muslim kwa njia za masahaba zaidi ya mmoja. Tunadhani kisa cha Malabar kilipata nguvu kutokana na swali la zamani la wenye kupinga: mbona watu wa nchi nyingine hawakuona? Wanazuoni walikwisha kulijibu: lilikuwa tukio la usiku, la muda mfupi, watu wamelala, penginepo mawingu yametanda, na mwezi hauchomozi pote kwa wakati mmoja. Kwa hesabu ya leo Kodungallur iko mbele ya Makka kwa karibu saa mbili na nusu za jua, kwa hiyo mwezi ulioonekana Makka mwanzo wa usiku ungeweza kabisa kuonekana huko. Lakini kuwezekana kwa jambo si kutokea kwake.

Jina la Malik bin Dinar nalo lina mushkili. Malik bin Dinar anayejulikana katika vitabu vya rijali ni yule mcha Mungu wa Basra, mwanafunzi wa Hasan al-Basri, aliyefariki karibu na mwaka 130 Hijria. Hakuwa sahaba. Wala hakufika huo mwaka wa 200 alioukadiria Sheikh Zainuddin. Ima ni mtu mwingine mwenye jina kama hilo, ima jina la mtu maarufu limevutwa kuja kukipamba kisa.

Kinachothibiti

Msomaji atauliza: basi hakuna lililobaki? Lipo, na lina thamani. Mwaka 849 Miladi, sawa na 235 Hijria au karibu yake, mtawala wa Kollam chini ya mfalme wa Chera, Sthanu Ravi, alilipa kanisa la Wakristo la mji huo hati ya haki na ardhi, ikachorwa juu ya mabamba ya shaba ambayo yapo hadi leo. Mashahidi waliweka majina yao kwa hati za kwao, na miongoni mwao wamo walioandika kwa Kiarabu cha hati ya Kufi. Kwa hiyo kumbukumbu ya zamani tuliyonayo ya Waislamu wa Malabar kwa maandishi yao wenyewe inawaonyesha wakiwa mashahidi wa hati ya kanisa. Miaka miwili baadaye, mwaka 237 Hijria, kikaandikwa kitabu cha Akhbarus Sin wal Hind, kinachonasibishwa kwa Sulaiman mfanyabiashara. Mwandishi wake anaijua Kollam kama kituo cha majahazi yanayokwenda China, na bado anasema hamjui Mhindi wala Mchina yeyote aliyesilimu. Yaani wafanyabiashara Waislamu walikuwepo, lakini wenyeji kuingia katika dini kulikuwa bado hakujadhihiri. Tukiweka mambo hayo mawili pamoja, makadirio ya Sheikh wa Ponnani ya "baada ya miaka mia mbili" yanatushangaza kwa usahihi wake, naye mabamba yale hakuyataja kabisa.

Na mfalme je? Wako wanahistoria wa Kerala, akiwemo marehemu M.G.S. Narayanan, walioona kwamba huenda kisa kina asili katika mfalme wa mwisho wa Chera, Rama Kulasekhara, ambaye habari zake zinakatika karibu na mwaka 1122 (516 Hijria). Kuondoka kwake kunasadifiana na kuvunjika kwa ufalme na kugawika kwake mikononi mwa watawala wadogo wadogo, na huko kugawika ndiko kunakotajwa na kila aliyekisimulia kisa. Ikiwa ni hivyo, yamepita zaidi ya miaka mia tano baina yake na Mtume (S.A.W.). Ibn Battuta, aliyepita Malabar katika miaka ya 1340, baada ya kuzuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasimulia kusilimu kwa babu wa mtawala mmoja wa huko kwa sababu ya mti ambao jani lake lina maandishi ya shahada, lakini hana kisa cha Cheraman.

Wahindu nao wana mfalme wao wa jina hilo hilo. Katika masimulizi ya wafuasi wa Shiva, Cheraman Perumal hakwenda Makka bali alipaa mbinguni juu ya farasi akimfuata rafiki yake mshairi Sundarar, aliyepanda ndovu mweupe, na hekalu la Tiruvanchikkulam, papo hapo Kodungallur, linahusishwa na tukio hilo. Sheikh Zainuddin aliyajua haya. Anasema kutoweka kwa mfalme ni jambo lililoenea kwa watu wote wa Malabar, na kwamba wasio Waislamu wanaamini alipaa na wanatumai atateremka tena. Kwa sababu hiyo walikuwa na mahali Kodungallur ambapo, katika usiku maalumu, humwekea maji na jozi ya mitalawanda, ili akishuka apate cha kuvaa na cha kutawadhia miguu. Ameliandika hilo bila kejeli.

Hakuficha hata la aibu. Siku hizi Kodungallur husifiwa kama mahali ambapo dini zote ziliishi kwa wema, na kwa karne nyingi ilikuwa hivyo kweli. Lakini katika mwaka 931 Hijria (1524), kama anavyosimulia Sheikh, ugomvi baina ya Waislamu na Mayahudi wa Kodungallur ulimalizika kwa kuuawa Muislamu mmoja. Waislamu wa miji mingine wakakusanyika, wakaua baadhi ya Mayahudi, wakachoma nyumba na masinagogi yao, kisha wakagombana na Wakristo na kuchoma nyumba na makanisa. Wenyeji wa Kihindu wakawapiga, na Waislamu ikabidi wauhame mji ule. Alikuwa akiandika juu ya watu wake mwenyewe, na wakati wa vita.

Sisi wa pwani hii tuna visa vya namna hiyo. Habari za Pate zinasema miji yetu ilianzishwa na watu waliotumwa na Khalifa Abdul Malik bin Marwan mwaka 77 Hijria. Wanaovisoma visa hivyo hapa kwetu hukasirikiana haraka: huyu anaona kuulizwa tarehe ni kuvunjiwa heshima wazee, na yule anaona kila simulizi la wazee ni uongo. Sheikh wa Fat-hul Muin alikiweka kisa kitabuni, na akaandika chini yake anachokijua na asichokijua.

Msikiti na taa yake

Msikiti wa Methala tunaoweza kuuzungumzia kwa yakini ni jengo la zamani la mtindo wa Kerala, lenye paa za vigae zilizopandana na mbao nyingi, mfano wa mahekalu na majumba ya huko, pamoja na bwawa la maji. Katika miaka ya 1970 na 1980 sehemu ya mbele ilibomolewa na kuongezwa majengo ya zege, yenye kuba na minara kama ya Arabuni. Katika miaka ya karibuni, chini ya mradi wa urithi wa Muziris, nyongeza hizo ziliondolewa na msikiti ukarudishwa katika umbo lake la mwanzo, na nafasi ya kusalia ikaongezwa chini ya ardhi. Kwa maoni yetu kazi hiyo imeuhudumia msikiti kuliko ile tarehe ya 629.

Ndani yake mna taa ya kale ya shaba, ambayo wenyeji wanasema imewaka kwa zaidi ya miaka elfu. Mafuta yake huletwa na Waislamu na wasio Waislamu. Baadhi ya wageni wanapoona hivyo hutaharuki, lakini mas'ala haya yamo katika vitabu vyetu vya Kishafii. Wakfu wa asiyekuwa Muislamu kwa msikiti unasihi, hata kama yeye mwenyewe haitakidi kuwa ni ibada, kwa sababu kinachoangaliwa ni itikadi yetu juu ya msikiti. Ama kuwasha taa msikitini pasipokuwa na mtu, Izzuddin bin Abdis Salam ameruhusu taa chache wakati wa usiku kwa heshima ya msikiti, na akakataza mchana, kwa kuwa ni israfu na kupoteza mali. Wengine waliokuja baada yake wakafafanua kwamba katazo la usiku, kwa aliyelitaja, ni kwa mafuta ya wakfu au mali ya msikiti, lakini akijitolea mtu kwa mali yake na pakatarajiwa manufaa, basi hapana ubaya. Kwa hiyo atakayefika Methala na chupa yake ya mafuta ya nazi, na aipeleke magharibi.